Sensa Mpya na Jiko la Makaa

Katika daftari langu la mwaka ule, siku ya Jumanne, nimeandika mstari mmoja tu: "Nimebadilisha sensa. Imekubali." Ninausoma sasa nikiwa na miwani, na hilo neno la mwisho linanichosha. Imekubali. Nilikuwa nimejuaje?

Nieleze kwanza, maana si kila mtu amekiona hicho chombo. Nilikuwa fundi katika maabara ndogo ya magonjwa ya ng'ombe, juu kidogo ya Silibwet, mahali ambapo majani chai yalianzia nyuma ya choo chetu na kwenda mpaka macho yachoke. Nasema fundi kwa sababu ndivyo walivyoniita. Shule niliacha kidato cha pili, nikajifunza redio katika chuo cha ufundi pale Merigi, na siku niliyofika maabara walikuwa wanatafuta mtu wa kurekebisha waya za stima. Nikabaki. Hivyo vyombo vingine nilijifunza kwa kuvifungua nikiogopa.

Inkubeta ni kabati la chuma lenye kimo cha friji ndogo, lakini kazi yake ni kinyume cha friji. Inaweka joto, joto kama la tumbo la ng'ombe, mchana na usiku. Ndani yake daktari wetu alikuwa anaweka chupa bapa zenye supu nyekundu, na ndani ya supu kulikuwa na chembe hai zilizotolewa kwenye damu ya ng'ombe. Supu ni jina letu. Yeye alikuwa na jina lake refu. Chembe hizo zinataka joto, zinataka unyevu, na zinataka hewa yenye gesi ya kaboni kiasi, sehemu tano kwa mia. Ni ile gesi tunayotoa puani, ile inayotoka pia kwenye moto. Ikizidi, supu inachachuka na rangi yake inatoka kwenye wekundu inakwenda kwenye njano, na chembe zinakufa. Sasa sensa ni kitu kidogo, si kikubwa kuliko betri ya tochi, kinachokaa ndani na kunusa hiyo gesi. Ikiona imepungua, inafungulia silinda ya gesi. Namba yake inaonekana mbele, juu ya mlango, kwa taa nyekundu.

Haya yote nilikuwa nayajua siku hiyo ya Jumanne. Naomba mtu asome hivyo: nilikuwa nayajua.

Tulikuwa watatu katika jengo lile. Daktari, mtu wa huku kwetu, mpole, mwenye kuongea kidogo. Mimi. Na mama wa vyombo, aliyekuwa anaosha chupa za daktari. Huyu mama alitoka upande wa pili wa Sotik, kule kwa ndizi, na alikuwa anakaa kwa nduguye kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai pamoja na watoto wake watatu. Mume hakuwepo na sikuuliza. Kandarasi yake ilikuwa ya miezi mitatu mitatu, na daktari ndiye aliyekuwa anapendekeza kwa ofisi kama ifanywe upya au iachwe iishe.

Kazi yake mtu angeidharau mpaka aijaribu. Sabuni kidogo ikibaki kwenye chupa, chembe hazishiki. Kwa hivyo kila chupa ilisuuzwa mara saba kwa maji ya mfereji, kisha mara tatu kwa maji safi ya mashini ya kuchuja. Yeye hakuhesabu kwa vidole. Aliimba wimbo wa kanisani kwao wenye beti saba, ubeti mmoja kwa kila maji, na ukimsikia amefika kwenye ubeti wa mwisho ulijua trei inakwenda mezani. Siku moja nilisimama nje nikahesabu, nikitaka kumshika. Zilikuwa saba. Nikaona aibu nikaenda zangu.

Lakini niwe mkweli kwa pande zote. Alikuwa na kosa moja la zamani. Msimu mmoja wa mvua daktari alifungua tanuri la kukausha vyombo akakuta soksi za shule, jozi tatu, zimepangwa vizuri kati ya chupa. Alimwonya. Mama akalia, soksi zikatoka, na hazikurudi tena, angalau mimi sikuziona.

Sensa ya zamani ilianza kuharibika mwezi wa tatu. Namba ilikuwa inatangatanga, tano, nne, sita, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Nikaifungua, nikaisafisha, nikafunga. Siku mbili ikatulia, ya tatu ikarudia. Mpya iliagizwa kutoka ng'ambo. Tulingoja mpaka majira ya baridi. Wanaojua milima yetu wanajua baridi ya mwezi wa saba: ukungu unalala juu ya majani chai mpaka saa tano, vidole vinakuwa kama si vyako, na jengo la mawe lenye sakafu ya saruji halipati joto hata jua likitoka.

Sensa ilifika katika baridi hiyo, ndani ya sanduku, ndani ya sponji, ndani ya mfuko wa rangi ya fedha. Daktari akaniletea na kitabu chake cha Kiingereza.

"Utaweza?"

"Nitajaribu, daktari."

"Sisemi ujaribu, nauliza kama utaweza."

"Nitaweza." Nikasema hivyo.

Kuibadilisha si kazi ngumu. Unafunga silinda, unazima stima, unavuta mashini kutoka ukutani, unafungua skrubu za mgongoni, unachomoa plagi ya waya nyembamba, unatoa mzee na kuingiza mgeni. Ugumu uko kwenye vidole. Skrubu zenyewe ni ndogo kama mbegu za mtama, na mbili zilianguka, nikatambaa sakafuni nikizitafuta. Mama wa vyombo alisimama mlangoni na glavu zake za mpira akinitazama.

"Fundi, unaomba?"

"Natafuta skrubu. Vidole vimekufa."

"Nyinyi watu wa mursik, wa maziwa ya kibuyuni, si mnasema hamsikii baridi?"

"Nyamaza, mama. Huko kwenu kwa ndizi hata umande haufiki."

"Unafika, tunaufukuza." Akacheka. "Nikuletee jiko?"

Hapo ndipo ilipoanzia. Nikiandika kwa haki ni lazima niseme kwamba yeye ndiye aliyetaja jiko kwanza. Lakini nikiandika kwa haki ni lazima pia niseme kwamba nilimjibu, "Lete, mama, lete haraka."

Alikuwa na jiko lake la makaa huko nje kwenye banda la kuoshea, la kuchemshia maji. Akalileta limewaka vizuri, jekundu, akaliweka karibu na mlango. Mimi nikalivuta mpaka miguuni pangu.

"Na hivi vitu vya daktari havitaingia moshi?" akauliza.

"Makaa hayana moshi."

"Haya. Wewe ndiye fundi."

Akaenda dirishani akafungua kioo kimoja. Ukungu ukaingia kama mtu aliyekaribishwa. Nikamwambia, "Mama, sasa umeniletea moto au baridi?" na nikainuka nikakifunga. Akasema kichwa chake hakipendi makaa ndani ya nyumba. Nikamwambia hapa ni maabara, si nyumba. Sijui nilimaanisha nini. Akarudi kwenye vyombo vyake.

Nikamaliza kufunga. Nikawasha. Kitabu kilisema sensa iachwe ipate joto saa kadhaa, nikaiacha, nikala, nikarudi alasiri. Kisha kuna kazi moja ya mwisho, na hiyo ndiyo kazi yenyewe: kuifundisha sensa sifuri. Sensa ikitoka kiwandani haijui kitu. Unafungua mlango wa inkubeta wazi kabisa, unaiacha ivute hewa ya kawaida isiyo na ile gesi, nusu saa au zaidi, halafu unabonyeza kitufe kuiambia: hii ndiyo hakuna. Kuanzia hapo inahesabu kutoka hapo. Ukiidanganya hapo, itakudanganya kila siku kwa uaminifu mkubwa.

Nikafungua mlango. Nikavuta stuli nikakaa mbele yake kungoja. Na kwa sababu kukaa nusu saa kwenye baridi hiyo si mchezo, jiko, ambalo mama alikuwa ameliongeza makaa mapya, nililiweka katikati ya magoti yangu na ule mlango wazi. Joto la inkubeta usoni, joto la jiko miguuni. Nilisikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwezi wa tano. Daktari alipita, akasimama kidogo mlangoni, akanyoosha mikono yake juu ya makaa, akasema, "Leo kuna joto hapa," akaenda. Nusu saa ilipoisha kichwa kilikuwa kizito na macho yanataka kufumba. Nikadhani ni uchovu. Nikabonyeza kitufe. Namba ikaandika sifuri, sifuri kabisa, haitikisiki. Nikafunga mlango, nikafungulia gesi, nikaona inapanda mpaka tano na kusimama hapo kama askari.

Kuna njia ya kuhakikisha. Daktari alikuwa na chombo cha kupimia, bomba lenye maji mekundu. Unavuta hewa ya ndani, unatikisa, maji yanapanda kuonyesha kiasi cha gesi. Lakini yale maji yalikuwa yameishiwa nguvu tangu mwaka uliotangulia, na mapya hayakuwa yameletwa. Tulitazamana juu ya hilo bomba, yeye na mimi. "Sensa ni mpya," akasema. "Ni mpya," nikasema. Nikaenda nikaandika ule mstari wangu.

Jumatano akaweka chembe zake. Zilikuwa za ng'ombe mmoja wa Sotik aliyepona ugonjwa wa kupe bila dawa, na ng'ombe mwenyewe alikuwa ameshauzwa, hatukujua amekwenda wapi. Ijumaa asubuhi nilimkuta daktari amesimama mbele ya mashini na chupa mkononi. Supu ilikuwa njano kama mkojo. Alikuwa ameshaziangalia kwenye darubini.

"Zimekufa zote," akasema.

Nikaangalia namba. Tano.

"Mashini iko sawa," nikasema. Nakumbuka vile nilivyolisema haraka, kabla hajauliza.

"Naona." Akageuza chupa kwenye mwanga. "Basi ni vyombo."

Sikuwa na hakika kwamba si vyombo. Sabuni inaua chembe. Hilo ni kweli, na alikuwa amekwisha kumwonya yule mama mara moja. Mtu angekuwa na haki ya kufikiri hivyo. Lakini pia nilijua nilisimama nje nikahesabu beti saba, na hilo sikulisema.

Daktari akamwita. Mama akaja akifuta mikono kwenye aproni.

"Mama, hizi chupa ulisuuza mara ngapi?"

"Saba, daktari. Na tatu za yale mengine."

"Una hakika?"

"Ninaimba zote, daktari. Siruki."

"Kuimba si kuhesabu."

Mama akanitazama. Si kwa kuniomba, alinitazama tu kwa sababu nilikuwa pale. Mimi nikawa nachunguza waya wa stima ambao haukuwa na shida yoyote.

Daktari hakumkaripia. Ningependa watu wajue hilo. Alisema polepole kwamba vyombo vyote vilivyo stoo vioshwe upya, vyote, kabla ya Jumatatu, na kwamba Jumatatu angeongea na ofisi juu ya kandarasi ambayo ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. "Siwezi kuendelea kupoteza kazi ya miezi kwa ajili ya sabuni," akasema. Miaka ile kulikuwa na maneno mengi kuhusu nani ametoka wapi, na watu wa kuvuka Sotik walikuwa wamejifunza kutobishana wakiwa upande wetu. Daktari hakuwa mtu wa maneno hayo, na sidhani yalikuwa kichwani mwake. Lakini mama hakubishana.

Kabla ya kuondoka Ijumaa jioni, daktari, kwa kuwa ni mtu makini, alijaza supu kwenye chupa mbili za plastiki zilizotoka kiwandani zikiwa zimefungwa. Hazikuwa zimeguswa na sabuni wala na mama. Akaziweka katika inkubeta bila chembe yoyote. "Hizi zitabaki nyekundu," akaniambia, "na tutajua." Akaenda kwao mpaka Jumatatu.

Jumamosi zamu ya kuandika namba za mashini ilikuwa yangu. Nilifika asubuhi. Mama alikuwa ameshafika zamani. Nilisikia wimbo kutoka bandani, umepungua sauti. Madebe yamepangwa, chupa zimejaa kwenye majani juu ya magunia, sijawahi kuona chupa nyingi hivyo nje kwa mara moja. Nikaingia, nikafungua mlango wa inkubeta.

Chupa zote mbili za kiwandani zilikuwa njano.

Nikafikiri pengine supu yenyewe ni mbaya. Nikaenda kwenye friji, nikatoa chupa ya supu ile ile, ilikuwa nyekundu. Nikafikiri pengine silinda mpya ina gesi nyingine. Nilifikiri mambo mengi pale, na yote yalikuwa mbali na mimi. Mwishowe nilichoka kufikiri. Nikafunga silinda, nikafungua dirisha lote na mlango wa nje, nikaacha mlango wa inkubeta wazi, nikatoka nje nikasimama kwenye ukungu. Hakukuwa na jiko. Jiko lilikuwa bandani chini ya sufuria la maji.

Niliporudi, nilikuta sensa inanusa hewa safi ya milimani, ile isiyo na kitu. Namba ilipaswa kusema sifuri. Ilisema mbili na pointi nane, na mbele yake kulikuwa na kijistari cha kutoa. Chini ya sifuri. Mashini ilikuwa inaniambia kwamba hapa kuna gesi pungufu kuliko hakuna.

Hapo nililiona jiko, likiwa katikati ya magoti yangu, likipumua ndani ya ule mlango nusu saa nzima. Niliifundisha sensa kwamba pumzi ya makaa ndiyo hewa safi. Kwa hivyo iliposema tano ilikuwa karibu nane. Sabuni haikuwamo. Na lile dirisha lilifunguliwa na yeye, likafungwa na mimi.

Kitufe kilikuwa pale. Sasa hewa ilikuwa safi. Ningebonyeza mara moja tu, sifuri ingekuwa sifuri, na hakuna mtu duniani angejua. Nilinyoosha kidole. Nasema nilinyoosha, siwezi kusema nilifikiria tu. Barua yangu ya kuajiriwa kwa kudumu ilikuwa inasemekana iko njiani, na mimi ni mtu wa kidato cha pili ambaye miaka yote nilikuwa nangoja siku watakapogundua hivyo.

Kilichonizuia si wema. Ni hesabu. Nikibonyeza sasa, Jumatatu supu itakuwa nyekundu. Chembe zitakazowekwa zitaishi. Na daktari atasema: mnaona, vyombo vimeoshwa upya, shida imekwisha. Kila chupa ambayo mama anaosha pale nje itakuwa ushahidi juu yake. Nikitengeneza mashini kimya, nimemfukuza kazi kwa mkono wangu, na yeye mwenyewe atakuwa amenisaidia.

Nikashusha kidole. Nikafunga mlango na dirisha, nikafungulia silinda, nikaacha makosa yote mahali pake.

Ningependa kuishia hapo, maana hapo ninaonekana vizuri kidogo. Lakini nilipotoka nje mama alikuwa ameinama kwenye debe la tatu, maji baridi mpaka kwenye viwiko, glavu moja imepasuka ameivua. Akaniuliza, "Fundi, mashini iko sawa?"

Nikasema, "Nitamwambia daktari Jumatatu."

Si jibu la swali lake. Yeye akatikisa kichwa kama ni jibu, akaendelea na ubeti. Nami nikapita kwenye magunia, nikaenda nyumbani. Ningeweza kumwambia: mama, acha, si wewe. Maneno manne tu. Nilijiambia kwamba sijawa na hakika, kwamba pengine Jumatatu daktari atapata sababu nyingine, kwamba si vizuri kumpa mtu matumaini kabla ya mkubwa kusema. Nilijiambia yote hayo njiani, na Jumapili kanisani, na sikumbuki mahubiri yalihusu nini.

Jumatatu daktari aliingia, nikawa nimemtangulia. Nilikuwa nimeshafunga silinda na kufungua dirisha na mlango wa inkubeta, na ile namba ilikuwa inawaka, mbili na pointi nane na kijistari chake. Nikamwonyesha chupa za plastiki. Nikamwambia yote, jiko, stuli, dirisha.

Aliinama akaisoma namba.

"Ulikaa na jiko mbele ya mashini ukiweka sifuri?"

"Ndiyo, daktari."

"Jiko la makaa."

"Ndiyo."

Akavua miwani akaifuta na pindo la koti. "Na mimi nilisimama hapo," akasema. "Niliota huo moto. Mimi ndiye daktari." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. Kisha akasema kwamba makaa yana sumu isiyonuka, na tulikuwa na bahati kutolala pale sakafuni wote wawili, kwa dirisha lililofungwa. "Weka sifuri sasa. Halafu uandike kwenye kitabu cha mashini, vile ilivyokuwa. Na umwite mama."

Alimwomba msamaha. Sijawahi kusikia mtu wa cheo chake akimwomba msamaha mtu wa kuosha vyombo, wakati ule wala baadaye, na alifanya hivyo akiwa amesimama. Alimwambia kandarasi itaendelea. Mama alisema "asante daktari" na akaangalia sakafu. Daktari akaenda kupiga simu kutafuta ng'ombe wake.

Tukabaki mimi na yeye. Nikachukua kitabu cha mashini nikaandika kwa Kiingereza changu, nikifuta na kurudia. Mama akasimama nyuma yangu.

"Umeandika nini?"

Nikamsomea kwa Kiswahili. Sensa ilifundishwa sifuri chumbani kukiwa na jiko la makaa.

"Jiko la nani?"

"Lako. Lakini nimeandika niliomba mimi."

"Niliuliza kama ulitaka."

"Ulinitajia, nikasema lete."

Akafikiri. "Haya. Ni sawa. Na dirisha?"

"Nimeandika lilikuwa limefungwa."

"Andika nililifungua mimi. Halafu andika nani alilifunga."

Nikaongeza mstari. Hakukuwa na nafasi, nikaandika pembeni, maneno yakipanda juu ya karatasi. Mpaka leo kama hicho kitabu kipo, yako hapo pembeni.

"Jumamosi," akasema, "nilipokuuliza. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nashuku."

"Fundi."

"Nilikuwa najua."

Mikono yake alikuwa ameikunja chini ya aproni, lakini nilikuwa nimeshaiona, imechubuka kwenye vifundo na kupasuka kati ya vidole. Nilitegemea maneno makali. Ningeyapokea, labda ningeyapenda. Badala yake akaenda bandani, na baada ya kidogo akaita kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Njoo huku."

Kulikuwa na trei moja iliyobaki, chupa ishirini na kitu ambazo hazikuwa zimeguswa. Akavuta kigoda akakaa karibu na jiko lake, akanyoosha mikono kwenye makaa, huko nje ambako hewa ni nyingi.

"Suuza."

Nikaosha kwa sabuni, nikaanza kusuuza. Maji ya mfereji yalikuwa yanatoka mlimani moja kwa moja, na kwenye chupa ya pili sikuvisikia vidole tena. Yeye akawa anaimba. Aliimba polepole kuliko nilivyowahi kumsikia, akikaa kwenye kila mwisho wa mstari, akipumzika, akichochea makaa, akiendelea. Sikujua wimbo wao una maneno mengi hivyo. Nilipofika mahali nikaona chupa inang'aa, haina hata povu moja, nikaiinua kuipeleka mezani.

"Bado moja, fundi," akasema.

Nikairudisha kwenye maji.